Anayeonja Kwanza

Kwetu Ufipa pombe haimfikii mgeni kabla mwenyewe hajaionja. Unachota, unapiga funda moja mbele ya macho yake, unameza, ndipo unampa chombo. Ukimpa bila kuonja, hata awe mkwe wako wa ndoa ya kanisani, atakishika tu kile kikombe, ataanza kuulizia habari za mvua, na pombe itachacha mkononi mwake. Mimi nimepika pombe ya ulezi pale Chala tangu nikiwa na meno yote. Nimeonja mbele ya wanaume wengi kuliko aliowabariki padri wetu, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa mkono wangu. Waliokufa, walikufa kwa wake zao.

Ndiyo maana Jovina, binti yangu, alinipigia simu mimi na si mtu mwingine.

“Mama, Evans hali tena chakula changu.”

“Chakula chako hata baba yake alikikimbia.”

“Mama, sitanii. Anasema namtilia kitu.”

“Kwani unamtilia?”

“Mama!”

“Nimeuliza tu.”

“Njoo,” akasema, akakata simu.

Sasa hapo. Mtu asiyetia kitu husema hapana. Jovina hakusema hapana. Neno lile nililifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli, nikabeba unga wangu wa ulezi, kimea kidogo na dagaa wa Kirando, nikapanda gari la Sumbawanga.

Evans ni mjukuu wangu wa kwanza, kijana mrefu ambaye hata mlango ukimwona unainama. Baba yake yuko Matai kwa mke mdogo; anaonekana Krismasi tu, kama Mamajusi, tofauti ni kwamba yeye haleti kitu. Alipomaliza kidato cha nne Evans alishuka Kasanga kupakia magunia ya dagaa. Akarudi amekonda, anavuta bangi, anakunywa gongo, na anasikia watu wanaomsema ambao sisi wengine hatuwasikii. Kipi kilianza, bangi au zile sauti? Hapo ukoo ulipasuka vipande. Upande wa baba ukasema bangi. Jovina akaapa kwamba sauti zilianza kabla. Mganga wa kule bondeni akasema ni ndugu wa karibu, akanitazama mimi. Kwenye maombi wakasema apelekwe hospitali kwanza. Zahanati moja, siitaji, ikasema aache ulevi kwanza ndipo aletwe. Mtoto akawa kama mzigo uliosahaulika stendi, kila gari linasema huu si wetu.

Nilimkuta uani, mtaa wa Izia, amekaa ameegemea ukuta ili mtu asipite nyuma yake. Ilikuwa Julai, upepo wetu ule unaokata masikio, naye amejifunika kofia ya koti hadi kwenye nyusi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Ndiyo umekonda hivi? Wenzangu watasema sikulishi.”

Hakucheka. Alitazama mikono yangu. “Umekuja na nini?”

“Nimekuja na mahari yako. Nimeamua nikuoe mimi, maana wewe unachelewa.”

Hapo mdomo ulimcheza kidogo. Nikakaa chini karibu naye, nikamuuliza hali ya kichwa, maana bibi na mjukuu wanaulizana chochote.

“Kuna redio,” akasema. “Haizimwi. Bangi inapunguza. Gongo inatoa betri kabisa.”

“Halafu?”

“Halafu asubuhi inarudi, wameipandisha sauti.”

Kesho yake Jovina alipika uji wa ulezi. Yeye ni fundi cherehani, anashonea barazani, na alifanya kitu ambacho sikukipenda: aliweka kikombe karibu na mwanawe, akarudi kwenye cherehani yake haraka, kama mtu aliyetega panya. Evans hakukigusa. Nikakichukua.

“Haya, mume wangu. Nikifa, unirithi.”

Mimi si mtu wa kuonja kwa ncha ya ulimi. Nilishusha nusu ya kikombe. Evans alinitazama kooni, akasubiri, akanitazama machoni, akasubiri tena. Kisha akapokea, akanywa yote hadi akaramba ukingo. Nikageuka nimwone Jovina akifurahi. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya kanyagio la cherehani, uso umemshuka.

“Mama, umekunywa nusu?”

“Wewe ulitaka ninywe robo?”

“Onja tu. Funda moja linatosha.”

Nikafungua tena lile pindo la kanga, nikatia na hilo.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Yeye anapika, mimi nakunywa nusu, mume wangu anamalizia. Evans akaanza kulala usingizi. Akaanza kujibu salamu za watu. Jirani yetu Justa, mama wa maombi, akasema ni majibu ya mfungo wake. Mimi nilinyamaza kwa sababu mwili wangu mwenyewe ulikuwa umeanza mambo. Mkono ukitetemeka, chai inamwagika. Miguu inaburuta kama ya mtu aliyevaa viatu vya mumewe. Ulimi mzito. Nikiota jua baada ya uji nalala mdomo wazi, na mate yananitoka kama ng'ombe aliyeona pumba.

“Ni uzee, mama,” akasema Jovina, bila kuniangalia.

“Uzee wangu nimeuacha Chala. Huu ni wa hapa kwako.”

Nikaanza kushuku watu kwa zamu. Nilimshuku Justa, kwa sababu alipenda kuweka mikono juu ya sufuria yetu na kuomba huku amefumba jicho moja. Nilimshuku Shedrack, kijana wa bodaboda, mshikaji wake Evans tangu Kasanga, aliyekuwa akisimama nje na kupiga mluzi, akaniamkia “shikamoo bibi” kwa adabu iliyozidi. Mtu mwenye adabu nyingi hivyo ana kitu mfukoni. Nilimshuku hata marehemu mume wangu, ingawa yeye hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kuamka asubuhi.

Mwisho nikaamua kupima. Nilibakiza uji wangu, nikammwagia jogoo wa Justa. Alikunywa kwa fujo, dume lile, akiwasukuma wake zake. Kabla ya adhuhuri alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha Justa kwa mguu mmoja, macho yamefumba, anayumba kama mlevi wa kilabuni. Kesho yake hakuwika.

Justa alikuja kanga imekaa upande. “Mama Jovina, jogoo wangu hakuwika. Nimepitwa na maombi ya alfajiri!”

“Mungu naye alitaka kulala, mwanangu.”

“Tangu uje wewe hapa, mambo yanakuwa mazito.”

“Mazito ni hayo makalio yako, Justa. Mimi nimekuja na dagaa tu.”

Aliondoka anakemea shetani hadi getini. Lakini mimi nilishapata jibu: kitu kilikuwa ndani ya uji, na uji haupikwi na Justa wala Shedrack.

Hapo inabidi niseme kwamba mimi nami sikuwa nimekaa bure. Gongo inaunguza watu, nimeiona ikizika wanaume wenye mashamba na ng'ombe. Nikajisemea kwamba mtu aliyezoea kukimbia humwamrishi asimame, unampunguzia mwendo. Na pombe yetu ya ulezi ni chakula, hata mzazi hupewa ili maziwa yashuke. Kwa hiyo nilitia kimea changu kwenye ndoo nyuma ya jiko, nikamwambia Jovina ni togwa tu, isiyolevya. Ilipoiva, kila jioni jua likiwa bado lipo nilimchotea Evans, naonja mimi, ananywa yeye. Siku hizo hakwenda kwa Shedrack. Nikajiona daktari.

Siku iliyofuata ile ya jogoo niliwahi kuamka, nikasimama nyuma ya mlango wa jiko. Jovina alikuwa amechuchumaa mbele ya kinu kidogo, kile cha kutwangia vitunguu saumu. Anatwanga taratibu ili mchi usilie.

“Kitunguu saumu kwenye uji?” nikauliza.

Mchi ukamponyoka. Ndani ya kinu kulikuwa na unga mweupe, kidogo tu.

“Mama, ngoja nikueleze.”

“Nieleze haraka, maana nikikaa sana nasinzia.”

“Ni dawa yake. Ya hospitali, mama, dawa halali kabisa. Alikuwa anakunywa mwenyewe mwanzoni, akasema inamvuta shingo, akazitupa chooni. Nikaona akianza tena kuongea na ukuta. Nikaona atakufa. Ningefanya nini?”

“Hospitali ndio waliokuambia utwange?”

“Hospitali nawaambia anakunywa vizuri. Wananipa.” Akafuta pua kwa mkono. “Walitoa za aina mbili. Ile nyingine ni chungu sana, angeisikia. Nikabaki na hii yenye kazi.”

“Na mimi je, Jovina? Mimi nina kazi gani na dawa ya kichwa?”

“Nilikuambia funda moja! Wewe ukawa unakunywa nusu, mtoto anapata nusu dozi. Ikabidi niongeze.”

“Uliongeza?”

“Mara mbili.”

Nilitafuta pa kukaa. Nimezaliwa mwaka wa njaa, nimezika mume, nimechomewa nyumba na majirani niliowanywesha mwenyewe, lakini sikuwahi kulishwa kitu na mtoto niliyemnyonyesha.

“Nitamwambia,” nikasema.

“Mwambie. Na mimi nitamwambia hiyo togwa yako inatoa povu tangu Jumapili. Unadhani sina pua? Mtoto mlevi, mama, unampa pombe!”

“Ile ni chakula.”

“Na hii ni dawa.”

Tukatazamana, wezi wawili tuliokutana dirishani kwa mtu mmoja. Ndani tukamsikia Evans anakohoa. Jovina akashika mkono wangu, akisema Kifipa sasa, lugha anayoikumbuka akiwa na shida tu. Akaniomba nisimwangushe. Mtoto ana mkono mmoja tu duniani anaouamini, nao ni wangu. Nikiuondoa, anarudi kwenye gongo, na safari hii atakufa mtaroni. Nipeleke kikombe mdomoni, nisimeze. Basi. Na ndoo yangu hataigusa.

Nilikubali. Sitafuti mtu wa kunihurumia kwa hilo. Nilikubali, na asubuhi ileile niliinua kikombe, nikakunjua uso kama ninayefurahia, nikampa.

Sasa fikiria. Dawa ilikuwa mara mbili kwa sababu ya nusu yangu, na mimi nusu yangu nimeiacha. Yote ilikwenda kwake, na jioni juu yake pombe. Akaanza kusema wanamvuta shingo. Anaishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kofia isipeperuke.

“Nani wanakuvuta, mume wangu?”

“Sijui. Lakini wanavuta.”

“Ni ile redio tu.”

“Redio inasema, bibi. Haishiki.”

Na mimi, mwerevu wa Chala, sikuunganisha maneno yake na ya mama yake. Nilidhani ni kichaa kimebadilisha chumba.

Ikafika asubuhi moja nikainua kikombe, nikakishusha, nikamkabidhi. Hakupokea.

“Meza.”

“Nimemeza.”

“Koo lako halijashuka.”

“Koo la bibi kizee linashuka wapi tena? Limeshashuka lote, tazama limefika kifuani.”

Utani ulianguka chini, hakuna aliyeuokota. Evans hakupandisha sauti. “Kila mtu hapa ananiambia nina wazimu,” akasema. “Sawa. Lakini koo lako halijashuka, bibi. Hata jana. Hata juzi.” Akachukua kikombe mkononi mwangu, akamwaga uji chini polepole, wote. Kuku wa Justa wakaja mbio. Jogoo peke yake alikaa mbali.

Kisha akavaa kofia ya koti na kutoka. Jovina alimfuata hadi barabarani na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akarudi peke yake.

Tulimtafuta kilabuni, nyuma ya maghala ya mahindi, kijiwe cha bodaboda. Kila tuliyemuuliza alisema hajamwona, na kila mmoja nilimwona anadanganya. Kesho yake mchana ukasikika mluzi nje. Alikuwa Shedrack, na nyuma ya pikipiki Evans, amefungwa kiunoni kwa koti ili asidondoke. Shingo ilikuwa imepinda nyuma kama ya kuku aliyeshikwa kuchinjwa, taya limekaza, macho yametazama juu yakabaki hukohuko.

“Bibi, shingo ya mshikaji imegoma,” akasema Shedrack. “Mi sijamfanya kitu, naapa.”

Justa alishafika, anakemea. Nikamwambia kama pepo wake wanajua kuendesha bajaji awatume, la sivyo anyamaze. Tulipata bajaji, Shedrack akafuata nyuma kwa pikipiki. Jovina alimshika kichwa njia nzima, akisema “mwanangu, mwanangu,” na yeye akijaribu kukitoa kile kichwa mikononi mwa mama yake asiweze.

Hospitali tulipokewa na tabibu wa magonjwa ya akili, kijana anayeitwa Muhidin, ndevu chache, sauti ya chini. Alimpapasa Evans shingo na taya, akamwambia, “Kaka, hii itaachia, naijua.” Halafu akatugeukia.

“Amekula nini, amekunywa nini? Kila kitu. Simtafuti mkosaji, natafuta nimchome nini.”

Tulikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na kipande chake. Evans amelala pale, hawezi kugeuza shingo wala kufunga mdomo, lakini masikio yalikuwa mazima. Kusema ni kumwambia yeye.

Shedrack ndiye aliyeanza, na hilo lilinikera. “Gongo, daktari. Jana, na leo asubuhi. Na bangi. Nilimpa mimi.”

Muhidin akaitikia kwa kichwa tu. “Na dawa zake?”

“Labda ni malaria,” akasema Jovina. “Huwa inapanda kichwani.”

“Mama yake,” Muhidin akasema, “wewe ndiye unayekuja kuchukua dawa. Anakunywa zote mbili?”

Jovina akanitazama. Nikamtazama. Aliniomba kwa macho ninyamaze. Kwenye kona ya jicho la Evans, lile lililotazama dari, chozi lilikuwa linashuka kuelekea sikioni.

“Sema, Jovina.”

“Sema wewe na ndoo yako.”

“Basi naanza mimi,” nikasema. “Nimekuwa nikimpa pombe ya ulezi kila siku, nikamdanganya mama yake kwamba ni togwa. Na uji aliokunywa ulikuwa na dawa, nami nilijua. Nilikuwa najifanya naonja.”

Ndipo Jovina naye akatoa yote: kinu, vidonge vya aina moja, ile mara mbili. Alisema amesimama wima, kama anayesomewa hukumu.

Muhidin hakutukana. Alimchoma sindano, akakaa kando yake. Tulisimama tukitazama. Kidogokidogo shingo ikaanza kulegea, kama kamba ya gunia inapofunguliwa, macho yakashuka kutoka darini, yakapita juu yetu bila kutua. Huku akisubiri, Muhidin alitueleza. Kile kidonge kichungu kilichoachwa ndicho kinachozuia shingo kukaza. Dawa ya kichwa ikikutana na pombe, yoyote ile, hata ya chakula, akaniangalia, inazidisha usingizi na inaweza kuua.

“Lakini tuliambiwa aache ulevi kwanza,” akasema Jovina. “Tulikuwa tunasubiri.”

“Mngesubiri hadi lini? Anakunywa kwa sababu ya sauti, sauti zinazidi kwa sababu ya anachovuta. Haya mawili hayapangi foleni dirishani. Yamekuja pamoja, tunayatibu pamoja. Na kuacha gongo ghafla nyumbani kuna hatari yake, mwili utatetemeka, atatoka jasho. Bora awe hapa.”

Evans akafunga mdomo, akaufungua, akaujaribu.

“Shingo ilikuwa inavutwa kweli,” akasema.

“Kweli,” akajibu Muhidin.

“Na uji ulikuwa na kitu.”

“Ulikuwa nacho.”

“Na redio?”

“Redio ni ugonjwa. Hapo sitakudanganya.”

Evans akacheka, kicheko cha kukwaruza. “Mbili kwa moja. Nimewafunga.”

“Mume wangu,” nikaanza.

“Usiniite hivyo.”

Nikakaza pindo la kanga. Mimi, ambaye hata msibani hujipatia la kusema.

Muhidin alimuuliza kama atakubali kulazwa. Evans akatazama kitanda, dirisha, nesi aliyekuwa akipita na sinia la dawa zikiwa bado kwenye pakiti zake. “Nitabaki,” akasema. “Hapa angalau wanasema ni nini.”

Jovina alishika mdomo wake kwa furaha. “Nitakuletea chakula, mwanangu, asubuhi na jioni, nitakuletea—”

“Usilete.”

“Hata wali?”

“Chakula cha mtu yeyote wa nyumba ile kisivuke mlango huu.”

Kwa hiyo tulipata tulichokuwa tunakitafuta. Mtoto yuko kwenye matibabu, kwa hiari yake, kwa magonjwa yote mawili. Ungedhani tutarudi nyumbani tukiimba. Jovina alirudi akashona suruali ya mteja miguu yote miwili ya upande mmoja. Mimi niliimwaga ile ndoo mwenyewe, na siwezi kusema haikuniuma.

Siku za mwanzo Evans alitetemeka na kutapika. Alimtukana Muhidin, akamwomba Shedrack amletee japo kifuniko kimoja cha gongo. Shedrack aliapa kwangu kwamba hakuleta. Nilimnusa mifuko yote hata hivyo. Jovina alikuwa anakwenda kila saa ya kutazama wagonjwa, amebeba hotipoti iliyofungwa kwa kitambaa, anasimama getini, haingii. Anarudi nayo. Chakula kile nilikula mimi. Nilinenepa kwa huzuni ya mwanangu. Ndani nilikuwa naingia peke yangu, mikono mitupu, nimekunjua kanga aone hakuna kitu.

Alikuwa hanisemeshi. Nakaa. Namsimulia habari za Chala, nani kaoa, nani kaibiwa ng'ombe, nikijua anasikiliza kwa namna anavyoacha kukuna mkono. Saa ya dawa nesi anampa pakiti, anaipasua mwenyewe, anavitazama vidonge vyote viwili pande zote, anameza, anafungua mdomo. Kile kichungu kinamkunja uso. Mara moja alikunja uso huo akanitazama, nami nikakunja wangu, na kitu fulani kilipita pale katikati. Kisha akageukia ukutani.

Alhamisi moja, mikono yake ikiwa imetulia, akaniuliza bila kunigeukia, “Mama bado anasimama getini?”

“Anasimama.”

“Na hotipoti?”

“Na hotipoti.”

“Mwambie aache. Walinzi watadhani anauza chapati.”

“Nilishamwambia. Anasema zikinunuliwa atauza.”

Mabega yakamtikisika kidogo.

“Redio imepungua,” akasema. “Haijazima. Usiende kuwaambia imezima.”

“Sitasema.”

“Gongo naitaka bado. Kila siku.”

“Najua.”

“Hujui.” Akageuka, akanitazama moja kwa moja, mara ya kwanza tangu siku ile. “Kesho mama alete maji. Ya dukani. Chupa ambayo haijafunguliwa, kifuniko nikivunje mwenyewe.”

Moyo uliniruka, lakini kichwa changu nacho kina tabia zake. Maji ya bomba wodini yapo tele. Chupa tupu yenye kifuniko inabeba vitu vingi, na Shedrack anakuja Jumamosi.

“Chupa ikiisha utaifanyia nini?” nikauliza.

“Bibi, unanishuku?”

“Nakushuku.”

“Vizuri,” akasema Evans. “Tuko sawa.”

Nilipomwambia Jovina hakulia, ingawa nilikuwa nimeandaa kanga ya kumfuta. Aliliacha gurudumu la cherehani likizunguka lenyewe, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, tukaenda dukani kwa Suleimani, mwarabu wetu mwenye duka la pembeni mwa barabara ya lami. Akaomba maji. Suleimani akampa chupa. Jovina akakizungusha kifuniko kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza chini juu, akaifinya, akaweka sikio. Akairudisha. Akapewa nyingine. Akairudisha.

“Mama Evans,” akasema Suleimani, “unanunua maji au unachumbia?”

“Nipe kwenye katoni ambayo hujaifungua.”

“Hizi zote zimetoka katoni moja!”

“Nipe ambayo hujaifungua, tafadhali.”

Suleimani akaingia stoo akinung'unika, tukasikia maboksi yakisukumwa. Alitoka na katoni nzima yenye nailoni yake, akaipasua mbele yetu. Jovina akachagua ya katikati. Akaikagua tena, polepole, kana kwamba ni mtoto mchanga anayetafutwa alama. Safari hii aliridhika.

Nikanyoosha mkono nimsaidie kuibeba. Akaivuta kifuani.

“Usiiguse, mama,” akasema.